Ndugu wa Kirusi cha Muzee Sikuli

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 17 mwezi wa kumi, mwaka 2024, saa nne asubuhi, munganga Valérie wa laboratoire aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya parcelle, kiwanja cha Mama Thérèse, kule Mabanga, mtaa wa Goma, akaomba kuongea na muzee Sikuli faraghani.

Faragha gani Mabanga? Nyumba ni za mbao, na mbao zenyewe zilipigiliwa zikiwa mbichi, zikakaukia ukutani, kila moja ikajikunja upande wake. Ukipiga chafya chumbani, jirani wa tatu anakupa pole. Munganga aliongea polepole, kwa sauti ya watu waliosoma, lakini Mama Thérèse alikuwa nje anawapimia wateja makala, makaa ya kupikia, na sikio lake lilikuwa limeshafika kwenye ufa kabla munganga hajapata pa kukalia.

Alichosikia ni hiki. Ile homa iliyomwangusha Sikuli mwezi uliopita, iliyomkaza shingo na kumfanya aone kila kitu mara mbili (aliona Mama Thérèse wawili, na hata mmoja alikuwa anamzidi nguvu), haikuwa malaria. Ilikuwa ya kirusi kinachobebwa na mbu, kirusi ambacho kwao hasa ni kwenye damu ya ndege, na binadamu kinampata kwa nadra sana. Laboratoire ilikuwa imepima damu za wagonjwa wengi wa homa pande zote za mji. Kirusi hicho kilipatikana kwa watu wawili tu. Mmoja ni Sikuli. Wa pili ni mjane wa kambi ya Mugunga, jina lake Nyiransengimana.

"Na virusi vyenu, muzee," munganga alisema, "ni ndugu. Viko vya ukoo moja."

Nje, debe la makala lilianguka.

Tuseme kwanza Sikuli alikuwa na nini cha kupoteza. Alikuwa mkulima wa maharagwe kule Kiwanja mpaka vita vilipomtoa, yeye na mke wake Léoncie, wakaja kuangukia Mugunga kama wengine, hema la shitingi, turubai la msaada, juu ya mawe ya volkano. Mwanzoni mwa mwaka Léoncie alishikwa na kuhara. Siku hiyo maji safi yalikuwa yamefika kambini tangu asubuhi, kamioni nzima, lakini kamioni iliambiwa ingoje wakubwa waje kupigwa nayo picha. Wakubwa walifika saa tisa, wameng'arisha viatu. Léoncie hakuwangoja.

Baada ya mazishi, Mama Thérèse, dada mkubwa wa marehemu, alimwonea huruma shemeji yake akampa kichumba nyuma ya nyumba. Kitanda, bati lisilovuja, na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Mtu ambaye hajalala kwenye shitingi hajui mlango ni kitu gani. Sharti lilikuwa moja: akae kwenye kilio kwa heshima mpaka siku ambayo familia itamwondolea. Asinyoe ndevu, asicheze ngoma, asimsogelee mwanamke. Kwao, mwanaume anayeenda kwa mwingine kabla kilio hakijaondolewa amemtukana marehemu kaburini, na wakwe wanamtoa na mkeka wake mchana watu wakiona. Siku ya kuondoa kilio ilikuwa imeshapangwa, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alikuwa amebakiza hatua mbili afike, ndipo laboratoire ikamletea ndugu.

Mama Thérèse hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikuwa mjane wa miaka mingi, rais wa wamama wa parokia, na alizoea kufikiri kwa mpangilio. Alikaa juu ya gunia lake akapanga: kirusi kinakaa kwenye damu. Kirusi cha shemeji na kirusi cha yule mwanamke ni cha ukoo mmoja. Ukoo haupiti hewani, unapitia kitandani. Kwa hiyo hakuna la kuuliza tena, isipokuwa moja tu: nani alimfuata mwenzake? Yaani, kati ya virusi hivyo viwili, kipi ni baba na kipi ni mtoto? Kama cha Sikuli ndicho baba, basi yeye ndiye aliyetafuta, na hana msamaha. Kama cha yule mwanamke ndicho mama, basi shemeji alitegwa, na labda anaweza kutolewa bila kufokewa.

Swali hilo lilihitaji kikao cha familia, na kikao kilihitaji shahidi. Alimwomba munganga arudi Jumapili baada ya misa. Munganga, maskini, alifikiri ameitwa kuelimisha wananchi juu ya mbu. Akakubali kwa furaha.

Sikuli alikuwa na siku tatu za kusema ukweli, na hakuusema, kwa sababu ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo.

Ukweli ulikuwa hivi. Sikuli alikuwa sentinelle, mlinzi wa mchana, kwenye nyumba ya Mkubwa mmoja, upande wa ziwa, karibu na barabara ya Sake. Jina la Mkubwa tuliache, wako wengi na wote wana nyumba. Uani mwa nyumba hiyo kulikuwa na shimo kubwa la simenti. Kwenye kibao cha nje paliandikwa kwa herufi za buluu kwamba ni hifadhi ya maji ya wakimbizi, na kweli simenti yake ilitoka kwenye msaada wa wakimbizi. Lakini hifadhi gani ya maji ina vigae vya buluu, ngazi ya chuma inayong'aa na viti vya kulalia pembeni? Ilikuwa piscine, bwawa la kuogelea. Halafu vita vilipokaribia Sake, fundi wa mashine ya kusafisha akakimbia, maji yakabaki, yakawa ya kijani, yakaota vyura. Wakimbizi wa Mugunga walikuwa wanapanga bidon zao za maji foleni toka alfajiri, na nyuma ya ukuta maji yao yalikuwa yanalea mbu.

Nyiransengimana alitoka Masisi akiwa amebeba mabata wanne kwenye kikapu. Wengine walibeba magodoro, yeye mabata. Kambini walikuwa wanakufa kwa kukosa maji. Siku moja alipita mbele ya lile lango, akanusa, akamwambia Sikuli: "Papa, huku ndani kuko maji. Mabata yangu yamesikia." Sikuli alikataa. Siku ya pili akakataa tena, kwa sauti ndogo. Siku ya tatu mabata walikuwa wanaogelea kwenye piscine ya Mkubwa, na Sikuli alikuwa anakula yai.

Ikawa desturi. Alasiri mama anafika, mabata wanaingia majini, yeye anakaa kwenye kiti kimoja cha kulalia, Sikuli kwenye kingine, na wanawasema wakubwa mpaka jua linashuka na mbu wanatoka. Yangeyange nao walishuka kunywa, na mbayuwayu waliokuja na mvua kutoka huko mbali wanakotoka. Zaidi ya kuwasema wakubwa hapakuwa na kitu. Lakini hebu jaribu kumwambia Mama Thérèse: shemeji, hapana, mimi simjui mwanamke yule kitandani, namjua tu kwenye viti vya kulalia, pembeni ya piscine, kila siku. Ndiyo maana Sikuli alinyamaza. Na akisema, Mkubwa angemfukuza kazi, na mabata wangeishia kwenye sufuria ya mtu.

Jumapili walikutana sebuleni. Josias, kaka yao Thérèse na marehemu, alikaa kwenye kiti cha katikati. Ni mfanyabiashara wa vitenge, na kwa kuwa barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa na vita, alikuwa na nafasi ya kuhukumu kesi yoyote. Sikuli alikaa kwenye kigoda, ndevu zimemfika kifuani. Nyiransengimana alifika akiwa amevaa vizuri, amenuna. Aliambiwa tu kuna maneno ya damu, akadhani wamemletea dawa.

Mama Thérèse alifungua kwa sala. Kisha akaeleza yote kwa upole wa kutisha, akamgeukia munganga na kumwomba aseme bila kuogopa mtu: kati ya virusi hivi viwili, kipi kilizaa kingine?

Munganga Valérie alimtazama, akamtazama Sikuli, akamtazama Nyiransengimana, na hapo ndipo alipoelewa ameletwa kwenye nini. Nyiransengimana naye alikuwa ameelewa.

"Mumeniita toka Mugunga, kwa miguu, juu ya hii?" alisema. "Mimi nikitaka bwana, nitatafuta mwenye kuoga. Huyu hata mabata yangu yanamukimbiaka."

Josias alikohoa ili asicheke.

"Mabata gani?" aliuliza Mama Thérèse.

"Tumusikilize munganga kwanza," Sikuli alidakia haraka, jasho limemtoka.

Munganga alipangusa uso, akajaribu. Alisema kirusi kinazaana kwa kujinakili, na kila kinaponakiliwa kinakosea kidogo, herufi moja hapa, nyingine pale. Makosa hayo ndiyo alama ya ukoo. Wao laboratoire wanasoma makosa, wanajua nani yuko karibu na nani. Mama Thérèse alikunja uso. Sikuli hakuelewa kitu. Lakini Josias alijiinua kwenye kiti.

"Kama vitenge," alisema.

Akaeleza. Inatoka wax ya kweli, kitenge halisi chenye kuku amesimama. Mtu anaiga, anasahau ukucha wa kuku. Mwingine anaiga ile iliyoigwa: ukucha bado haupo, na yeye anaongeza la kwake, mdomo umepinda. Ukimpa Josias vitambaa viwili sokoni, atakuambia kipi kiliigwa kutoka kwa kipi, hata akiwa na usingizi. Munganga alishukuru Mungu kimoyomoyo, akashika hapo hapo. Ni hivyo hivyo, alisema. Kirusi cha muzee Sikuli hakina ukucha, na mdomo wake umepinda. Kirusi cha mama huyu hakina ukucha, lakini mdomo wake umenyooka. Kasoro yake ni mkia, ni mfupi.

Josias alihesabu kuku hewani kwa kidole.

"Basi hakuna aliyemuiga mwenzake," alisema. "Kama huyu alichukua kwa mama, angekuwa na mkia mufupi. Kama mama alichukua kwa huyu, angekuwa na mudomo umepinda. Wote wawili walichukua kwa kitambaa kingine, cha zamani, chenye kukosa ukucha tu."

"Ndiyo," munganga alisema. "Na kuna kitu kingine. Kirusi hiki hakitoki kwa mutu kwenda kwa mutu. Hata mbu akimuuma mugonjwa, kwenye damu ya mutu kiko kidogo sana, mbu hapati cha kubeba. Mbu anakipata kwa ndege. Hawa wawili waliumwa na mbu wa mahali pamoja, kila mutu na mbu wake."

Kitanda kikatoka kwenye kesi, hivi hivi, kama mtu aliyeaga. Sikuli alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Lakini munganga hakuwa amemaliza, na yeye lilikuwa linamsumbua swali lake mwenyewe, lililomleta Mabanga toka mwanzo. Goma maji hayakai. Mvua ikinyesha mawe ya volkano yanaimeza yote, ndiyo maana watu wanateseka na bidon. Mbu wa namna hii wanahitaji maji yaliyosimama, mengi, machafu, yenye ndege. Kukuta virusi viwili vya ukoo mmoja vyenye tofauti hivi, maana yake mahali hapo ukoo umeshakaa, umezaa, umetawanyika, kuna aina nyingine nyingi bado hazijamfikia mtu. Alikuwa ametafuta mji mzima. Ni wapi hapo?

Wote walimgeukia Sikuli. Sikuli alianza kusema juu ya mfereji fulani karibu na soko.

"Piscine," alisema Nyiransengimana. "Kwa Mkubwa. Mabata yangu njo yanaogelea mule, na huyu papa njo anafungulaka mulango. Tunakaa, tunakula mayai, tunasema serikali. Hakuna kingine. Nimechoka, niko na safari ya kurudi."

"Piscine gani?" aliuliza Mama Thérèse. "Goma hii? Mimi sijawahi kusikia piscine."

Ikabidi Sikuli amweleze yote, kibao cha buluu, vigae, ngazi, mahali lango lilipo. Alieleza akiangalia miguu yake. Josias alipomaliza kusikia alisema kesi imekwisha, shemeji ni msafi, na kama kuna mwenye kosa ni yule aliyejijengea bwawa kwa simenti ya wakimbizi, huyo ndiye aitwe kikaoni. Sikuli angembusu.

Mama Thérèse hakutikisika. Alisema kitanda amekisamehe, kwa sababu laboratoire imesema. Lakini mtu wa kilio hakai kwenye kiti cha kulalia akicheka na mwanamke pembeni ya maji. Dada yake alikufa kwa kukosa maji, na mume wake anakwenda kuyaangalia kwa starehe. Hapo sauti yake ilikatika kidogo, na Sikuli, aliyekuwa na jibu la hasira mdomoni, alilimeza. Kwa sababu alikuwa ameliwaza hilo hilo mara nyingi kwenye kile kiti, akitazama yale maji ya kijani, na hakuwahi kulipatia jibu. Hukumu ikawa: Jumamosi kilio kitaondolewa, na Jumamosi hiyo hiyo Sikuli atachukua mkeka wake arudi Mugunga.

Munganga hakungoja chai. Alimpakia Nyiransengimana kwenye pikipiki, wakaenda moja kwa moja mpaka kwenye lango. Sentinelle aliyewekwa tangu Sikuli augue alikuwa na usingizi wake. Waliweka mitego, wakakusanya mbu chupa tele, mama akawatoa mabata wake, waliokuwa wamebaki humo tangu Sikuli augue, na kuwafunga kwenye kikapu. Walifanya vizuri kuharakisha, maana Josias alikuwa ameshaanza kusambaza hadithi sokoni. Jumanne Mkubwa alileta mashine, akanyonya maji yote, akayamwaga kwenye mawe, yakapotea. Kesho yake kibao kilikuwa kimepakwa rangi. Mtu akiuliza, anaambiwa hapakuwa na piscine wala hifadhi ya maji. Hayo ndiyo aliyowapa wakimbizi: maji yalipokuwepo hayakuwa yao, yalipoonekana hayakuwahi kuwepo.

Lakini kabla ya Jumanne palikuwa na Jumatatu. Na Jumatatu asubuhi, usiku mmoja tu baada ya kikao, Mama Thérèse hakuamka kuuza makala. Homa. Shingo imekaza kama ubao. Sikuli alipomletea maji aliona Sikuli wawili, akawaambia waondoke wote.

Alimuuguza. Angefanya nini? Josias hawezi kupika hata chai. Siku hizo Sikuli alimpikia uji, akamfutia uso, akauza makala yake, na makala akayapima vizuri kuliko mwenyewe, wateja wakafurahi. Jumamosi ikaja ikapita, kilio hakikuondolewa, na mkeka haukutoka. Munganga alikuja akachukua damu. Mama Thérèse alipona polepole, na alipoanza kuketi, neno la kwanza alilosema lilikuwa juu ya tarehe mpya ya Sikuli kuhama.

Majibu yalifika mwezi wa kumi na moja. Munganga aliketi karibu na kitanda. Safari hii hakupunguza sauti, ameshaijua Mabanga. Alisema mbu wa piscine wamesomwa. Wamekutwa na virusi vya ukoo ule ule, matawi mengi, hata moja linalofanana na kilichowahi kupatikana kwa ndege wa nchi za mbali sana kaskazini, kwa hiyo wale mbayuwayu nao huenda walikimbia na mizigo yao. Ugonjwa wa Mama Thérèse ni huo huo. Kuku wake hana ukucha. Mdomo umenyooka, mkia mrefu, ila jicho moja halipo. Kuku huyo asiye na jicho wamemkuta kwenye mbu wa ile piscine, na hapa Mabanga kati ya mbu wote waliotegwa hakuna hata mmoja.

Josias, mlangoni, alihesabu tena kuku hewani.

"Shemeji aliniletea," Mama Thérèse alisema haraka. "Na nguo zake."

Hapana, munganga alijibu, nguo hazileti, mtu haleti, alishaeleza. Mbu wa kule ziwani hawezi kuruka mpaka Mabanga. Labda basi, Josias alijaribu kumsaidia dada yake, alikwenda kuhakikisha kama piscine ipo kweli, baada ya kikao? Munganga alitikisa kichwa. Kikao kilikuwa Jumapili alasiri. Homa ilianza Jumatatu alfajiri. Mtu akiumwa na mbu huyu, homa inachukua siku kadhaa kabla ya kutokea. Mama aliumwa kabla ya kikao, katika zile wiki Sikuli mwenyewe alikuwa bado nyumbani anajiuguza, hayuko langoni.

Nje wateja wa makala walikuwa wengi kuliko kawaida, na hakuna aliyekuwa ananunua. Mama Thérèse aligeukia ukutani akaomba maji ya kunywa. Sikuli alimletea, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima, wala hakumtazama usoni. Alijizuia sana asitabasamu.

Kilio kiliondolewa mwezi wa kumi na mbili. Familia ilikaa, ilisali, ilimtaja Léoncie kwa jina lake, na Sikuli alilia kweli, mbele ya watu. Mambo ya kuhamia Mugunga hayakuguswa. Josias alianza kuyakaribia, dada yake akasema anataka kumenya ndizi.

Mwezi wa kwanza vita viliingia mjini. Mkubwa alikuwa kwenye boti ya kwanza, na viti vyake vya kulalia. Kambi za Mugunga zikavunjwa, Nyiransengimana akafunga kikapu chake akaelekea Masisi, mabata wamekuwa tisa. Sikuli bado yuko kwenye kichumba chake na ufunguo wake. Mama Thérèse bado ni rais wa wamama wa parokia, na bado anauza makala.

Munganga Valérie naye anapita mara moja moja. Ananunua makala yake, anasalimia, anauliza habari za shingo. Halafu anauliza lile jingine, taratibu, kwa sababu anasema bila jibu lake ukoo wa kirusi kile utabaki na tundu katikati: kabla mtu yeyote hajataja ile piscine, Mama Thérèse alikuwa amekwenda kufanya nini kwa Mkubwa?